Bana Meno Yako: Taya Likivunjika, Tufanye Nini?

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Funga kinywa chako. Bana meno pole pole, halafu sikiliza. Meno ya juu na ya chini yanakutana mara moja, kila jino mahali pake, kama mlango unaoingia vizuri katika fremu yake. Pengine hujawahi kufikiri juu ya jambo hilo, kwa sababu tangu utoto liko hivyo. Lakini mtu ambaye taya lake limevunjika, hilo ndilo jambo la kwanza atakuambia: «Meno yangu hayakutani tena kama zamani.»

Shika maneno hayo. Siku moja pengine utayasikia kwa ndugu yako, kwa mume wako, au kwa mtoto wako. Siku ile, kujua maana yake kutasaidia kuliko machozi.

Hebu fikiri ni Jumamosi jioni katika karieri moja upande wa Mongbwalu. Vijana wameuza dhahabu ya juma zima. Wawili wanabishana juu ya sehemu ya kila mmoja. Pombe iko kichwani. Ngumi moja inaruka, na mmoja anaanguka. Anasimama, anatema damu, anacheka: «Si kitu, ni jino tu.» Jumapili shavu limevimba, hawezi kula ugali. Jumatatu rafiki anamnunulia vidonge vinne vya rangi mbili kwenye duka la dawa. Wiki ya pili, mzee mmoja anamkanda kwa mafuta na majani ya moto. Wiki ya tatu usaha unatoka chini ya kidevu, harufu inafukuza watu, na kijana amekonda kama mgonjwa wa kifua kikuu. Ni hapo tu watu wanakumbuka kwamba hospitali iko.

Hiki ni mfano tu, siyo kisa cha mtu fulani. Lakini wewe unayeishi karibu na mashimo, umekwisha kumjua mtu wa namna hii. Tunaandika kurasa hizi kusudi zile siku ishirini zisipotee bure tena. Taya lililovunjika linatengenezeka, na mara nyingi linatengenezeka vizuri. Kinacholiharibu zaidi ni kukawia.

MFUPA WENYE UMBO LA U

Taya la chini lina umbo kama la herufi U. Pande mbili zinapanda juu mpaka mbele ya masikio, na hapo zinashikana na kichwa kwa viungo viwili. Weka vidole vyako mbele ya masikio, fungua kinywa na ufunge: utasikia viungo hivyo vikicheza. Katika mifupa mikubwa ya kichwa, ni huu peke yake unaotembea.

Mfupa huu una nguvu. Wasomaji wa Biblia wanajua kwamba Samsoni alitumia taya la punda kama silaha, na hatusomi kwamba lilivunjika mkononi mwake. Lakini taya la mtu lina mahali penye udhaifu. Pa kwanza ni shingo nyembamba ya kile kiungo cha mbele ya sikio. Pa pili ni pembe, pale nyuma ambapo jino la mwisho limejificha ndani ya mfupa. Pa tatu ni karibu na jino la chonge, kwa sababu mzizi wake ni mrefu na unapunguza unene wa mfupa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajui. Chukua biskuti ngumu yenye umbo la pete, ujaribu kuivunja mahali pamoja tu. Ni vigumu, itavunjika pande mbili. Taya nalo ni vile vile. Kwa sababu limeshikwa kichwani kwa pande mbili, pigo moja linaweza kulivunja mahali pawili. Mtu amepigwa upande wa kushoto, na mfupa umevunjika pale pale, pamoja na kule kuume karibu na sikio. Ndiyo maana munganga hatosheki na kuangalia mahali palipovimba tu.

Ndani ya taya la chini kunapita mshipa wa fahamu unaofika kwenye mdomo na kidevu. Mfupa ukivunjika, mshipa huo unaweza kubanwa au kuvutwa. Mgonjwa anasema mdomo wake wa chini umekufa ganzi, kama vile munganga wa meno amemchoma shindano. Hiyo nayo ni alama kubwa.

LINAVUNJIKA NAMNA GANI KWETU?

Katika nchi nyingi za dunia, sababu mbili zinashinda zingine: ajali za barabarani na mapigano. Kwetu katika Djugu tunaongeza zetu.

Pikipiki. Njia ya Bunia kupitia Iga Barrière na Nizi, au ile ya kupanda Mongbwalu, mnazijua: vumbi wakati wa jua, utelezi wakati wa mvua. Motari anabeba watu watatu na mfuko wa mchele. Wakianguka, kidevu kinapiga chini mbele ya kitu kingine. Wewe motari, kumbuka kwamba kaske iliyo wazi mbele inalinda ubongo lakini hailindi taya. Ile inayofunika kidevu ndiyo inalinda vyote viwili. Na kaske iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kitu.

Shimo. Jiwe linaanguka kutoka juu. Kamba inakatika. Chuma cha kuvunjia mawe kinaruka na kumpiga mwenzako usoni. Mtu anateleza pembeni ya shimo na kutangulia uso. Hao mara nyingi wana majeraha mengine pia: kichwa, shingo, kifua. Taya linaonekana, hayo mengine yanajificha.

Ngumi na pombe. Hapa hatuna haja ya kueleza sana. Mtu aliyekunywa lotoko haoni ngumi ikija, na anaanguka kama gogo bila kuweka mikono mbele.

Nyumbani. Ndiyo, wapapa, tuseme ukweli. Mama anafika kwenye kituo cha afya na uso umevimba, anasema: «Nilianguka kisimani.» Tutarudi kwa jambo hili chini.

Vita. Tangu mapigano ya 1999 mpaka 2003, na tena tangu Desemba 2017, risasi na panga vimevunja mataya ya watu wengi wasio na kosa. Risasi hailipasui taya katika vipande viwili tu: inalisaga na kupotosha kipande kizima cha mfupa pamoja na nyama. Matengenezo yake ni safari ndefu.

Watoto. Mtoto anaanguka kutoka juu ya mti wa maembe, anapasuka chini ya kidevu. Tunashona kile kidonda, tunafurahi. Lakini nguvu ya pigo lile imepanda mpaka kwenye viungo vya mbele ya masikio, na huko ndiko mfupa umevunjika. Mama, ikiwa mtoto ana kidonda chini ya kidevu, mwambie afungue kinywa. Ikiwa kinakwenda upande mmoja, au hawezi kufungua, mpeleke hospitali. Mtoto aliyeachwa hivyo anaweza kukua na kiungo kilichogandamana: kinywa hakifunguki tena, na taya halikui pamoja na uso.

Mwisho, kuna taya linalovunjika karibu bila pigo, kwa sababu uvimbe au usaha wa meno umekula mfupa kwa muda mrefu. Uvimbe wowote wa taya usiokwisha unataka kuonwa na munganga. Kwa mtoto, afadhali mwende juma hilo hilo: karibu na sisi, Uganda, munganga Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya kansa ya mataya ya watoto, ile inayojulikana mpaka leo kwa jina lake. Inakua haraka sana, lakini dawa zake ziko.

ALAMA ZA KUJUA

Baada ya pigo au kuanguka, uliza na uangalie hivi:

– Je, meno yanakutana kama zamani? Mgonjwa mwenyewe ndiye anajua, mwulize yeye.
– Je, kuna jino au mstari wa meno ulioshuka au kupanda, kama ngazi?
– Je, kuna damu iliyojikusanya chini ya ulimi, rangi ya zambarau?
– Je, mdomo wa chini umekufa ganzi?
– Je, kinywa kinafunguka kwa shida, au kinakwenda upande?
– Je, ufizi umepasuka na damu inatoka kati ya meno mawili?

Ikiwa jibu ni ndiyo kwa moja tu, au meno hayakutani, mhesabu kama mtu aliyevunjika mpaka picha ya radio iseme hapana.

Usichanganye jambo hili na taya lililotoka mahali pake. Mtu anapiga muayo, na kinywa kinabaki wazi, hawezi kukifunga. Hapo mfupa haukuvunjika. Munganga anaurudisha kwa vidole gumba viwili, akisukuma chini kisha nyuma. Namna hiyo iliandikwa katika kitabu cha wapasuaji wa Misri karibu miaka 3,600 iliyopita. Kitabu hicho hicho kinataja mtu ambaye taya limevunjika, lina kidonda, na ana homa; na kinasema huyo hatibiwi. Kwa siku zile, wadudu wakiingia katika mfupa, habari imekwisha. Kwa siku zetu siyo hivyo, asante kwa dawa na upasuaji. Lakini unaona kwamba tangu zamani adui ni yule yule: uchafu ukiingia katika mfupa.

SAA YA KWANZA

Wakati mtu ameanguka mbele yako na uso unavuja damu, jambo la kwanza siyo mfupa. Jambo la kwanza ni pumzi.

Taya la chini ndilo linashika ulimi. Likivunjika upande huu na huu, ulimi unakosa mtu wa kuushika, unarudi nyuma na kuziba koo. Ongeza damu na meno yaliyong'oka, na mtu anaweza kufa akiwa amelala chali, hali mfupa peke yake usingemwua. Katika vita ya kwanza ya dunia, 1914–1918, waganga walijifunza hili kwa uchungu: askari waliopigwa usoni na kulazwa chali kwenye machela walikufa njiani, na wenzao waliokaa wakiinamia mbele walifika.

Basi fanya hivi:

1. Kama ana fahamu na shingo haimwumi, mkalishe, ainame mbele, aache damu na mate vitoke. Asimeze.
2. Kama amezimia, mlaze ubavu, uso ukiangalia kidogo chini. Geuza kichwa, shingo na mwili kwa pamoja, watu wawili au watatu mkisaidiana, sababu shingo inaweza kuwa imeumia.
3. Toa kwa kidole kile unachoona kinywani: jino, udongo, meno ya kubandika. Usichokore usichokiona.
4. Damu ikitoka nyingi, gandamiza kwa kitambaa safi.
5. Jino zima lililong'oka lishike kwenye taji, siyo mzizi. Litie katika maziwa, au katika mate yake mwenyewe, uende nalo.
6. Mwambie ashike taya lake kwa kiganja. Kitambaa cha kufunga kutoka chini ya kidevu mpaka juu ya kichwa kinaweza kupunguza maumivu, lakini usikifunge kwa mtu aliyezimia, anayetapika, au anayevuja damu kinywani.
7. Asile, asinywe pombe. Pengine atalazwa kwa dawa ya usingizi siku ile ile.
8. Mwende. Siyo kesho kutwa. Kama ni usiku na njia si salama, mwende kituo cha afya kilicho karibu ili aanzishiwe dawa na chanjo ya pepopunda, na mapambazuko yawakute njiani.

Na haya usiyafanye: usikande, usivute, usitie majani wala kinyesi cha mnyama katika kidonda, usimpe mtu vidonge vichache vya antibiotiki na kuona umemaliza. Wazee wetu wanaounga mifupa ya mkono na mguu wana heshima yao. Lakini mfupa wa taya siyo kama wa mkono. Karibu kila mara ukivunjika mahali penye meno, ufizi unapasuka pia, na hivyo mfupa uko wazi kwa mate na wadudu wa kinywa. Ni kama mfupa wa mguu uliotoboa ngozi. Ukiukanda, unasukuma uchafu ndani.

UZI WA DHAHABU

Sasa tufike katika chumba cha upasuaji. Wengi wanaogopa mahali hapa kwa sababu hawajui kinachofanyika. Kumbe wazo lake ni rahisi, na ni la zamani sana.

Munganga wa Kigriki Hippokrate, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba taya likivunjika, urudishe mfupa mahali pake, kisha ufunge pamoja meno yaliyo pande mbili za mvunjiko kwa uzi wa kitani au wa dhahabu. Dhahabu, ndugu! Sisi ambao wazee wetu waliona dhahabu ikichimbwa upande wa Kilo tangu mwanzo wa karne iliyopita, tumeona ikileta ngumi. Zamani ilitumika pia kufunga taya.

Mwaka 1275, mpasuaji wa Italia, Guglielmo wa Saliceto, aliandika namna ya kufunga meno ya taya lililovunjika kwa meno ya taya lililo zima. Wazo hilo lilisahauliwa, likafufuliwa mwaka 1887 na Thomas Gilmer wa Marekani. Maana yake ni hii: taya la juu ni kipimo. Ukiyaleta meno ya chini yakutane vizuri na ya juu, ujue mfupa nao umerudi mahali pake. Unaona? Ni lile jambo tulilofanya mwanzoni: bana meno yako. Munganga naye anaangalia hilo hilo.

Leo waya siyo wa dhahabu, ni wa chuma kisichoshika kutu, unene wake karibu nusu milimita. Munganga anafunga kijiti chembamba cha chuma chenye ndoana ndogo kufuata mstari wa meno ya juu, na kingine chini. Halafu anafunga ndoana za juu na za chini pamoja, kwa waya au kwa mpira. Kinywa kinabaki kimefungwa wiki 4 mpaka 6. Kwa mtoto, wiki 2 au 3 zinatosha, tena ikiwa ni kiungo cha mbele ya sikio kimevunjika, muda unakuwa mfupi zaidi na mtoto anafundishwa mapema kufungua kinywa, kusudi kiungo kisigandamane.

Kazi hii mara nyingi inaweza kufanywa kwa shindano la ganzi tu, mgonjwa akiwa macho. Na hapa sikilizeni vizuri: haihitaji lazima kwenda Kampala. Mwaka 1987 kilitoka kitabu cha upasuaji wa majeraha kilichosimamiwa na munganga Maurice King, aliyefanya kazi miaka mingi katika Afrika, kwa ajili ya waganga wa hospitali za wilaya wasio na mtaalamu karibu. Kufunga mataya kwa waya ni kati ya kazi ambazo munganga wa namna hiyo anafundishwa. Hospitali yenye chumba cha upasuaji, picha ya radio, waya, na munganga aliyejifunza inaweza kuwasaidia wagonjwa wengi. Katika sehemu zetu, hospitali za Bunia, Rethy na Nyankunde zimezoea upasuaji. Nyankunde yenyewe iliharibiwa kabisa mnamo Septemba 2002 na watu wengi wakauawa, lakini hospitali ilisimama tena. Kabla ya kusafiri, mwuguzi wenu apige simu na kuuliza ni wapi munganga wa kazi hiyo yuko juma lile.

Njia nyingine ni plaki na visi. Tangu miaka ya 1970, waganga wa Ufaransa kama Maxime Champy wa Strasbourg walionyesha kwamba plaki ndogo sana, ikiwekwa mahali panapofaa kwenye mfupa, inatosha kuushika. Mpasuaji anakata ufizi kwa ndani ya kinywa, kwa hiyo mara nyingi hakuna kovu usoni. Analeta meno pamoja, kisha anashikisha mfupa kwa plaki ya titani na visi vifupi. Mgonjwa analala kabisa, na bomba la pumzi linapita puani ili kinywa kibaki huru. Uzuri wake ni kwamba mtu anaamka akiweza kufungua kinywa, ingawa bado anakula vyakula laini. Ubaya wake ni bei, vyombo, na mtaalamu. Kama mnaweza kupata plaki, vema. Kama hamwezi, msikate tamaa: waya na uvumilivu vimeponya mataya tangu kabla ya babu zetu.

Taya la juu lina mambo yake. Munganga René Le Fort wa Ufaransa alieleza mwaka 1901 kwamba linavunjika kwa kufuata mistari mitatu, kutoka juu ya meno mpaka usawa wa macho. Mtu kama huyo uso wake unakuwa mrefu na bapa, na akitoa maji meupe puani, pengine ni maji ya ubongo. Asipenge kamasi, na aende haraka.

Kwa jeraha la risasi, mpasuaji kwanza anaosha na kuondoa kilichokufa, anashika mifupa kwa vyuma vilivyo nje ya ngozi au kwa plaki kubwa, na baada ya miezi, nyama ikiisha kupona, anaweza kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga na kujaza pengo. Ufaransa, askari waliovunjika nyuso katika vita ile ya kwanza walianzisha chama chao mwaka 1921 ili wasijifiche. Nasi tusiwafiche wa kwetu. Wape kiti mbele katika kanisa kama watu wote.

WIKI SITA ZA KUNYWA

Mgonjwa anarudi nyumbani, kinywa kimefungwa. Mama wa nyumba anashika kichwa: «Atakula nini?» Atakunywa. Uji wa mahindi wenye soya na karanga zilizotwangwa laini, maziwa, mchuzi wa maharagi uliochujwa, samaki wadogo wa ziwa Albert waliosagwa unga na kutiwa katika supu, avoka iliyopondwa na maji, mafuta ya mawese kidogo. Vyote vipite katika kichujio. Anywe kwa mrija au kwa kikombe, mara 6 au zaidi kwa siku, kwa sababu tumbo la uji linaisha haraka. Mpimeni kila juma. Kukonda kidogo ni kawaida. Kukonda sana kunachelewesha mfupa kushikana.

Kinywa kisafishwe kila baada ya kunywa, kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, na mswaki laini wa mtoto nje ya meno. Asivute sigara. Asinywe pombe hata tone, na sababu siyo dhambi peke yake: mlevi anatapika, na mtu aliyefungwa kinywa akitapika yuko katika hatari. Kwa hiyo pensi ya kukatia waya ilale karibu naye, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, na munganga awaonyeshe nyaya za kukata: zile zinazosimama wima kati ya juu na chini. Akitapika, ainame mbele, matapishi yatoke kati ya meno na mashavu. Pumzi ikizibwa, kateni, halafu mkimbie hospitali.

Arudi hospitali mara moja akiona usaha, homa, uvimbe unaoshuka shingoni, au waya zimelegea na meno hayakutani tena. Waya zikitolewa, kinywa kitakuwa kigumu. Afanye mazoezi ya kukifungua kila siku. Kazi ya shimo, mpira na mieleka vingoje miezi 2 mpaka 3.

TUSEME UKWELI

Munganga atauliza: «Ilikuwaje?» Hakuulizi kwa sababu anataka kesi. Pigo linasema kile cha kutafuta. Ngumi ya mkono wa kuume mara nyingi inavunja upande wa kushoto. Kuanguka kwa kidevu kunavunja viungo. Mwuguzi aliyezoea anaweza kuona kwamba «nilianguka kisimani» haifanani na mfupa. Ikiwa mume ndiye amepiga, mama aulizwe peke yake, mume akiwa nje ya chumba. Nanyi wamama wa kanisa, msimrudishe mwenzenu nyumba ile kwa kumwambia «vumilia» tu. Taya linashikana kwa wiki sita, lakini mkono uliozoea kupiga haubadiliki wakati ule ule. Mtu wa kumsemesha huyo mume ni lazima apatikane, na mahali pa mama kulala salama pia.

Na nyinyi vijana: hapa kwetu ngumi haibaki ngumi. Aliyepigwa ana ndugu, ndugu wana kabila, na tumeona maugomvi madogo yakigeuka moshi juu ya kijiji. Mwenzako akivunjwa taya, mbio zako za kwanza ziwe za kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, siyo za kutafuta panga. Wenye mashimo, hao mnaowaita PDG, nao wana deni. Kikundi cha shimo kinachoweka kando kidogo kila juma, kama mnavyofanya likelemba, hakitaanza kuzunguka na kofia wakati mtu anavuja damu.

Bana meno yako tena, msomaji. Yanakutana? Basi shukuru. Na ukimsikia jirani akisema ya kwake hayakutani, usimwambie angoje mpaka Jumatatu.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa na katika kikundi cha vijana

1. Katika karieri au kijiji chenu, nani anajua namna ya kumkalisha au kumlaza mtu aliyeumia usoni? Fanyeni mazoezi pamoja.
2. Kituo cha afya kilicho karibu kinapeleka wagonjwa wa namna hii hospitali gani, na njia ya kwenda iko namna gani usiku?
3. Mama akisema «nilianguka», nasi hatuamini, tunaweza kumsaidia namna gani bila kumwaibisha?
4. Kikundi chenu kingeweza kuweka akiba gani kila juma kwa ajili ya ajali?